Maurine Mideva na Picha Iliyokataa Kufunguka

Mimi Khalayi sina ugomvi na kompyuta. Kompyuta ikae kwake, nami na cherehani yangu tukae kwetu. Lakini mwaka ule wa tisini na tisa nilikuwa nagawana chumba na Maurine Mideva pale mjini Kakamega, yeye ndani na mashine zake, mimi barazani na vitambaa vyangu, na maudhi yote yaliyomjia yeye yalipitia kwangu kwanza. Mteja akikasirishwa ndani, anatoka nje ananifokea mimi. Kwani mimi ndiye niliyeleta intaneti Kakamega?

Maurine alikuwa mtu wa Shinyalu, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alisomea mambo ya kompyuta Nairobi, akaolewa hukohuko, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na kompyuta badala ya mume. Mama yake alilia sana. Si kwa ajili ya mume, la, alilia kwa sababu ati kompyuta haiwezi kupalilia mahindi. Maurine akapangisha chumba mjini, akaunganisha kompyuta na laini ya simu, akaandika ukutani kwamba hapa tunapiga chapa na kutuma barua pepe. Watu wakaja, kwanza kuchungulia, halafu kutumia.

Kazi aliijua, sikatai. Ila alikuwa na sheria yake moja iliyonitia wazimu. Kila alichomwandikia mteja alikiweka kwenye disketi kwa namna iliyo rahisi kabisa, maandishi matupu, yasiyohitaji programu ya mtu yeyote. Alisema hiyo itafunguka kwenye mashine yoyote, leo na hata wajukuu wetu wakizeeka. Sawa. Lakini maandishi matupu hayana herufi nene, hayana mistari, hayana urembo. Siku moja mwalimu mkuu mmoja alirudi na disketi yake, mvuke unamtoka masikioni.

"Ratiba yangu ya mitihani iko wapi? Mistari yote imepotea! Hesabu imeingia kwa Kiswahili!"

"Mwalimu, hiyo itafunguka hata kwa kompyuta ya babu yako," Maurine akamwambia.

"Babu yangu hana kompyuta!" mwalimu akapaza sauti, akatoka, na bila shaka akanikuta mimi.

Mtu aliyefurahia sana mambo haya ni Kipkemboi. Huyu alikuwa kijana wa Eldoret aliyezunguka miji yetu akiuza na kutengeneza kompyuta, shati limepigwa pasi hata siku ya matope. Yeye aliabudu vitu vya kampuni. Programu ya kampuni ndiyo nzuri, ya bure ni ya walalahoi. Akija kwetu walikuwa wanabishana na Maurine hadi chai inapoa.

Na mimi nilikuwa upande wa Kipkemboi, sitaficha. Mteja akilazimika kurudi kwako, si ndiyo biashara? Nikamwambia Maurine hivyo. Akanitazama juu ya miwani.

"Khalayi, ukimshonea mama wa watu rinda, ukalitia zipu inayofunguliwa na wewe peke yako, akifika kwake Lubao akitaka kulivua?"

"Atakuja nimfungulie."

"Na ukiwa umefunga duka?"

Nikajifanya natafuta sindano. Alikuwa na mdomo, Maurine.

Basi ndipo alipotokea Chrispinus. Huyu alikuwa mkulima wa miwa kutoka Lurambi, mtu mzima, mpole, mwenye mikono ya kukata miwa na macho ya mtu asiyelala vizuri. Alisimama barazani akiwa ameshika kofia, akaniuliza kama ni kweli humu ndani kuna mashine ya kutafuta watu waliopotea.

"Mashine ya kutafuta watu hakuna," nikamwambia, "lakini kuna mwanamke mkaidi. Ingia."

Aliyepotea alikuwa mdogo wake, Shikanga. Alikwenda Amerika kusoma, akaandika barua mwaka wa kwanza, akaandika wa pili, kisha kimya. Kimya cha miaka. Mama yao, Kukhu Navalayo, yaani Bibi Navalayo kwa lugha yetu, kila Krismasi alimtengea Shikanga kipande chake cha kuku, anakifunika, kesho yake anakitupa. Safari hii alikuwa amechoka. Alisema mtoto wake amekufa, na anataka kumzika.

Kwetu mtu aliyefia mbali, mwili usipatikane, huzikwa kwa mgomba. Unakatwa mgomba, unafungwa shuka kama maiti, unaombewa, unalazwa kaburini, na watu wanalia kweli, si mchezo. Na ukishazikwa hivyo umezikwa. Ukija kesho na miguu yako miwili, nani atakufungulia lango? Wewe ni marehemu. Watu watakimbia, na wazee watakukataza kukanyaga boma la baba yako. Tena jembe likishapiga ardhi, shimo la kaburi halifukiwi tupu, lazima lipewe kitu. Ndiyo maana Chrispinus alikuwa na hofu. Siku ilikuwa imepangwa, Jumamosi ya wiki iliyofuata, na wachimbaji wangeanza Ijumaa asubuhi.

Maurine hakupoteza wakati. Aliandika kwenye ukumbi wa Wakenya walioko ng'ambo, huko kwenye intaneti, akauliza nani anamjua Shikanga wa Lurambi. Mimi nilicheka. Amerika nzima hiyo! Lakini baada ya siku chache akatoka mbio barazani akiwa na karatasi mkononi, nusura aangushe cherehani yangu. Shikanga mwenyewe alikuwa amejibu. Yuko hai. Masomo yalimshinda, vibali vikaisha, akaona aibu kuandika, na aibu ikalea aibu.

Mngedhani mambo yameisha. Thubutu!

Chrispinus aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaiweka mezani polepole. "Dada Maurine, hii siwezi kumpelekea mama."

Ikatoka habari nyingine. Miaka miwili nyuma tapeli fulani alikuwa ameandika barua akijifanya Shikanga, ati yuko hospitalini huko ng'ambo, atumiwe msaada. Ni Chrispinus aliyeipokea, akaiamini, akauza ng'ombe. Alipojulikana ni tapeli, Kukhu alilia kama aliyefiwa upya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama yao alisema hataki tena kuletewa karatasi na Chrispinus, wala kuambiwa kitu na Chrispinus.

"Basi apige simu," nikasema mimi. "Si ana mdomo?"

"Mama hasikii," Chrispinus akajibu. "Aliugua, masikio yakaziba kabisa. Nikiongea mimi kwa simu halafu nimwambie ni Shikanga, ataniuliza, tena wewe?"

"Atume picha."

"Picha yake iko ukutani. Hata marehemu wana picha. Mama amesema anataka kumwona akitikisika."

Kumwona akitikisika! Maurine akapiga meza kwa kiganja. Akamwandikia Shikanga saa hiyohiyo: tafuta mtu mwenye kamera, jirekodi ukiongea, weka picha hiyo kwenye intaneti niichukue. Na Shikanga, maskini wa watu, akafanya hivyo kesho yake tu. Rafiki yake wa chuoni alimrekodi, akaiweka. Maurine akaanza kuivuta kwa laini ya simu. Mvua ikanyesha, laini ikakatika. Akaanza upya. Stima ikapotea. Akaanza upya. Mwishowe ikaingia, tukakusanyika, mimi na sindano mdomoni, Maurine akabofya.

Kikatokea kisanduku chenye maneno. Picha hii imetengenezwa kwa programu ya kampuni fulani, tafadhali pata programu hiyo kwanza ndipo uitazame. Jina la kampuni sitalitaja, haijanilipa niitangaze.

"Ati nini?" nikauliza.

"Ni zipu," Maurine akasema, meno yamebana.

Akaanza kuivuta programu yenyewe. Hiyo ilikuwa kubwa kuliko picha. Kila ikifika katikati, laini inakatika, na ikikatika hairudi pale ilipoishia, la, inaanza mwanzo kama mtoto aliyesahau hesabu. Siku zikawa zinakwenda. Kumbe muda wote huo Shikanga naye alikuwa anapiga simu hapo kwetu ili angalau aongee na ndugu yake, akapata laini inatumika, inatumika, inatumika. Ilikuwa inatumika kuvuta programu ya kumtazama yeye! Aliposema hivyo kwenye barua pepe, nilicheka hadi machozi yakanitoka, halafu nikaona si jambo la kuchekwa.

Kipkemboi akaja zamu yake ya kuzunguka. Maurine alimrukia kabla hajakunja mwavuli.

"Wewe na kampuni zako! Njoo uone kazi yao!"

Kipkemboi akatazama, akatikisa kichwa, akajiweka kwenye kiti. "Lakini, dada, ukweli usemwe. Hii picha ni ndogo kwa sababu ya hiyo kampuni. Wameikunja vizuri. Ile yenu ya wazi, ya kila mtu, ingekuwa kubwa mara nyingi. Kwa laini hii ya Kakamega? Ungeivuta hadi miwa ivunwe."

"Ikichelewa ikafunguka, nimepata. Ikiwahi isifunguke, nimepata nini?"

"Watu wametumia akili yao kuitengeneza. Wale nini? Haya wewe, watu wakija na kitambaa, Khalayi anawashonea bure?"

"Usiniingize!" nikasema.

"Hakuna aliyesema bure," Maurine akafoka. "Niwalipe, nitawalipa. Lakini picha ni ya nani? Uso ni wa Shikanga, mama ni wake, machozi yatakuwa yao. Huyo wa kampuni anasimama mlangoni kama nani?"

Wateja waliokuja kupiga chapa barua za kazi nao wakaingilia. Mmoja akasema Kipkemboi ana haki, kitu kizuri kina mwenyewe. Mwingine akasema kama ni hivyo basi redio nazo zingekataa kushika stesheni nyingine. Kelele zikawa kama soko la Lubao siku ya ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyemkumbuka Chrispinus aliyekuwa amekaa pembeni akizungusha kofia yake. Mimi ndiye niliyemwona. Nikawaambia wote wafunge midomo yao, na kama wanataka kubishana waende wakabishane kanisani.

Maurine akamwandikia Shikanga aibadilishe picha iwe ya namna ya wazi. Jibu likaja: yule rafiki amejaribu, programu iliyoitengeneza inakubali kuingiza, kutoa haitaki. Ukishaweka mle ndani, ndimo kwake. Na kamera haikuwa yao, imerudishwa. Maurine alisoma hilo jibu amesimama, akaenda nje, akapiga teke debe la maji. Debe halikuwa na kosa.

Kipkemboi, kwa haki yake, hakutukimbia. Naona habari ya Kukhu na lile kaburi ilimchoma. Alipanda gari hadi Eldoret, akarudi Alhamisi na sidii aliyoipata imebandikwa kwenye jalada la gazeti la kompyuta, akasema programu mpya iko humo. Shati lake safari hiyo lilikuwa limekunjamana. Maurine akamtumia Chrispinus ujumbe amlete mama yake mchana huohuo, kwa sababu kesho asubuhi ni majembe.

Wakaja. Kukhu Navalayo alikuwa mdogo wa umbo, leso mbili, mkongojo, macho makali yasiyokosa kitu. Mtu asiyesikia hutazama, na huyo mama alitutazama mmoja mmoja tangu mlangoni. Tulimkalisha mbele ya kompyuta kwenye kiti changu cha kushonea. Chrispinus akasimama kando, kati ya mama yake na mlango, kofia mkononi.

Kipkemboi akatia sidii. Programu ikauliza jina. Ikauliza anwani. Ikauliza anafanya kazi gani na alisikia wapi habari za programu hiyo. "Mungu wangu, inaoa?" nikauliza. Ikauliza kama anakubali masharti, kurasa na kurasa za masharti, Kipkemboi akabofya kukubali bila kusoma, na Maurine akaguna. Mwishowe akaleta picha ya Shikanga, akabofya.

Kisanduku kikafunguka. Cheusi.

Halafu sauti ikatoka. "Mama. Chris. Ni mimi."

Sauti tu. Kisanduku cheusi tii, katikati kuna maneno madogo, kwamba kwa kuona picha mashine hii inahitaji toleo lingine la hali ya juu. Mama kiziwi, na wao wametupa sauti bila picha! Kipkemboi akaanza kubofya kila mahali, jasho linamtoka. Maurine akamsukuma, akashika kipanya mwenyewe, akaanza kuitukana kampuni kwa lugha tatu, na Kiluhya cha kwao Shinyalu ndicho kilichokuwa kibaya zaidi.

Sauti nayo ikaendelea, taratibu, kwa Kiluhya cha nyumbani kilichopata kutu kidogo. Ilimwomba mama msamaha. Kisha ikasema, "Chris, najua wewe ndiye hutaamini. Haya. Ile baiskeli ya baba haikuibiwa sokoni Lubao. Tuliiangusha mtoni Isiukhu, mimi na wewe, ukaniambia nikisema utaninyonga. Sijasema. Nimesema leo."

Nilimtazama Chrispinus. Mtu mzima, mwenye watoto, mkata miwa. Akaketi sakafuni, palepale kwenye vipande vyangu vya vitambaa, akaanza kucheka na kulia pamoja, ameziba uso kwa kofia, na mabega yanaruka.

Kukhu hakuwa anatazama kompyuta. Sijui aliacha saa ngapi. Aliinuka kwenye kiti, akaacha mkongojo, akainama, akaitoa ile kofia usoni mwa mwanawe, akamshika kidevu na kukigeuza upande wa mlango penye mwanga. Akamchunguza kwa muda, kama unavyomchunguza mtoto aliyetoka kuanguka.

"Mama," Chrispinus akaanza, akionyesha kompyuta, "Mama, ni yeye, ni..."

Akamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Nenda ukawazuie wenye majembe. Waambie wasiguse ardhi yangu."

Chrispinus alitoka kama mshale, kiatu kimoja kikabaki kwenye kizingiti.

Na Maurine, msiba mtupu, hakuona lolote. Alikuwa ameupa mlango mgongo, amekishikilia kile kipanya kama anakinyonga, anabofya, anapiga meza, anamlilia Kipkemboi: "Irudishe mwanzo! Msimwache mama aondoke! Picha haijatoka! Nipe dakika moja tu, nitaifungua, nitaifungua hata kwa panga!"

Kukhu akamtazama, akanigeukia mimi, akauliza kwa ile sauti kubwa ya wasiosikia: "Huyu mtoto wa wenyewe anagombana na nani?"

Nikamwinamia, nikapiga kelele sikioni mwake, nikionyesha kwa mikono. "Na mashine, Kukhu! Imekataa kukuonyesha Shikanga!"

Akanitazama kama mjinga.

"Shikanga si nimemwona, usoni mwa ndugu yake," akasema, na akanyoosha kidole nje, kwenye barabara ya Lurambi, ambako Chrispinus alikuwa anakimbia na kiatu kimoja.